Fagia Harusi Kwanza

Nchi nzima inatucheka sisi watu wa mji wa Homs kwamba Jumatano ni siku yetu ya wazimu. Mimi huwajibu kwamba afadhali wazimu wa siku moja kuliko wao wenye wa wiki nzima. Lakini Jumatano ile, mlango wa ofisi ulipofunguka kwa kishindo, karatasi zikaruka hadi dirishani, na mwanamke mwenye koti jeusi akasimama mbele yangu bila hata salamu, nilisema moyoni: haya, imeanza.

"Wewe ndiye Hanadi?"

"Funga mlango kwanza, dada. Huo upepo hatuufugi humu."

Akaufunga. "Nimeambiwa wewe ndiye unayejua kutafuta."

"Aliyekwambia hanijui vizuri. Unatafuta nini?"

"Kaka yangu kesho asubuhi anasomewa uamuzi. Wakili amepewa mpaka leo saa tisa alasiri kupeleka ushahidi wa mwisho. Ikipita hapo, basi."

Jina lake lilikuwa Rabab. Kaka yake, Mudar, alikuwa seremala, na alikuwa rumande tangu kiangazi. Watu wawili walikuwa wameapa kwamba walimwona miaka ile ya vita, Jumatano moja baada ya sala ya alasiri, ameshika bunduki kwenye kizuizi cha barabarani kando ya kinu cha unga, siku ambayo abiria walishushwa kwenye basi na kuuawa. Mudar alisema saa hiyo hiyo alikuwa mtaani kwao, upande wa pili wa mji, amebeba jeneza la rafiki yake Yazan. Waliolibeba pamoja naye, mmoja alikuwa amekufa na wengine wametawanyika ughaibuni, hakuna ajuaye wako wapi. Mama yake alikwenda kutoa ushahidi. Hakimu alimsikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza kama hakuna shahidi mwingine ambaye hakumnyonyesha mshtakiwa.

"Kwenye mazishi kulikuwa na mtu anapiga video?" nikamuuliza.

"Mmoja. Nilimwona na kamera."

"Basi kama aliileta kwetu, imo humu ndani."

"Na kama hakuileta?"

"Tutajua saa tisa."

Sikuwa nimekusudia ukali. Ndivyo ninavyoongea nikiogopa, na nilianza kuogopa alipotaja kizuizi cha kinu. Anayepatikana na hatia ya pale harudi nyumbani.

Hifadhi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ndani ya mashine za Ghiyath, fundi wetu, mna video walizopiga watu wa mji huu miaka yote ile: za simu, za kamera ndogo, hata za kamera za milangoni. Watu wanazileta kwenye vijiti vya kompyuta, kwenye simu zilizovunjika vioo, kwenye mikanda iliyofukiwa bustanini ndani ya makopo ya samli. Binadamu hawezi kuzitazama zote, hata akipewa umri wa Nuhu.

Kabla sijaanza nilimwambia sharti la nyumba, kama ninavyomwambia kila anayekaa kiti kile. "Nikiipata inakwenda kwa wakili nzima nzima, vyovyote itakavyoonyesha. Na nikikuta kitu kingine kinachomhusu kaka yako, nacho kinakwenda. Sikati, sifichi."

"Itamwonyesha Mudar chini ya jeneza."

"Sijakuuliza itaonyesha nini. Umelikubali sharti?"

Alinitazama kwa chuki kidogo, na nikampenda kwa hilo. "Nimelikubali."

Ghiyath aliingia na kikombe cha chai chungu ya majani ya mate na mrija wake wa chuma, tumbo likitangulia. Yeye ndiye baba wa betri na nyaya zetu. "Jumatano njema, vichaa wenzangu," akasema. Alipomwona Rabab alijirekebisha. "Samahani, bibi. Umeme wa serikali umekata tangu alfajiri, na juu kuna mawingu. Paneli hazipati kitu. Betri ziko nusu. Nakwambia mapema, Hanadi, usije ukanipigia makelele."

"Nitakupigia tu."

"Najua."

Sasa, mashine yetu haijui kutafuta peke yake, na anayekwambia inajua ana kitu anakuuzia. Unaiandikia maneno, inakupangia picha safu kwa safu kwenye kioo. Iliyokaribia unaibonyeza ndiyo, iliyo mbali unaibonyeza hapana, na kila ukibonyeza, picha zote zinajipanga upya. Ni mazungumzo tu. Na mashine hii, kama mume wa jirani yangu, inakumbuka zaidi ulichoikatalia kuliko ulichoikubalia.

Ndiyo maana tuna desturi yetu ya kazi: fagia harusi kwanza. Watu wa mji huu waliacha mengi wakati wa vita, ila hawakuacha kuoana, wala hawakuacha kupiga video wakioana. Ukiandika "umati barabarani" unaletewa harusi. Ukiandika "milio ya risasi" unaletewa harusi, maana huku risasi hupigwa hewani kwa furaha. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote tunalikamata fungu zima, maua, magauni meupe, mchele unaorushwa, vigelegele, bwana harusi mabegani mwa wenzake, na tunalibonyeza hapana. Kutwa nzima mashine haikuletei tena chochote kinachofanana nalo. Mkono wangu ulikuwa umeshafanya hivyo hata Rabab hajavua koti.

"Haya, niambie ulichokiona," nikasema. "Si ulichohadithiwa baadaye. Ulichokiona wewe."

Akafumba macho. "Mvua. Ile nyembamba. Watu wote wamevaa nyeusi. Jeneza lina shuka ya kijani, hakuna kingine. Na kimya. Hakuna aliyelia wala aliyesema neno. Nilisikia viatu tu."

"Ulisimama wapi?"

"Roshani ya kwetu, ghorofa ya tatu. Walipita chini yetu wakitoka msikitini."

"Na Mudar?"

"Mbele, kulia."

Niliandika: mazishi, barabara, mvua, wanaume, nguo nyeusi, jeneza la kijani. Nikaiambia mashine itafute zisizo na sauti za watu. Kioo kikajaa.

Nimeizoea kazi hii lakini mazishi sijayazoea. Yalikuja safu kwa safu, majeneza juu ya vichwa, majeneza kwenye pikapu, jeneza dogo mikononi mwa mtu mmoja. Nilibonyeza hapana, hapana, ndiyo, hapana. Rabab aliinama karibu nami hadi nikasikia harufu ya sabuni ya mlauri kwenye hijabu yake.

"Si hii. Si hii. Hii ni ya mtaa wa Bab Sbaa. Ya Rabi, huyu ni mwalimu wangu wa hesabu."

"Usiguse kioo."

"Sijakigusa."

"Kidole chako kimeacha alama."

Alikifuta kwa mkono wa koti, akakichafua zaidi. Tuliendelea. Kila nilipobonyeza, majeneza ya kijani yaliongezeka, mvua ikaongezeka, nyuso zikainama zaidi, na mtaa wa Rabab haukuonekana. Nilijaribu kwa jina la msikiti. Nilijaribu kwa duka la mikate lililo pembeni yake. Nilipata foleni ya mikate, paka juu ya tangi la maji, na mzee akimtukana mpiga picha. Ghiyath alipita nyuma yetu akazima taa. Baadaye akazima kipasha joto.

"Robo tatu ya nusu," akasema.

"Ongea kama watu!"

"Inaisha, Hanadi. Hivyo ndivyo watu wanavyosema."

Ndipo ilipokuja ile nyingine. Sikuiomba. Nilikuwa nimeandika siku yenyewe bila kutaja mazishi, nikitumaini bahati, na katikati ya safu ya pili nikakiona kizuizi cha kinu: mapipa, mifuko ya mchanga, ukuta wa kinu wenye tundu la kombora. Mtu aliipiga kutoka dirisha la mbali. Wanaume wenye bunduki walisimama kando ya basi. Mmoja alitugeuzia mgongo, mrefu, mabega mapana, koti la kijivu lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko.

Nikaisimamisha.

"Mudar analo koti kama hilo," akasema.

"Wengi wanayo."

"Kiraka kile alikishona mama."

Nikairudisha nyuma, nikaiendesha polepole. Mwanamume yule alianza kugeuka, bega kwanza, halafu sikio, na video ikakatika. Niliiendesha tena ingawa nilijua mwisho wake. Nilitamani mtu yule ageuke, na nilitamani asigeuke kamwe.

"Itakwenda kwa wakili?" Rabab akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulilikubali sharti."

"Haionyeshi uso!"

"Inaonyesha koti, na wewe ndiye uliyeniambia kiraka kilishonwa na nani."

Nilidhani atanipiga. Alisimama, akaenda dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Chini barabarani upepo ulikuwa unakimbiza mfuko wa plastiki. Nilijichukia, lakini nikaiweka ile video kwenye faili la wakili, kwa sababu siku nitakayoanza kuchagua cha kuficha, hakuna mama wa abiria wa lile basi atakayetuamini tena. Waliouawa nao wana mama zao.

Simu ikalia. Alikuwa wakili Suhayr, tunafahamiana; anaongea kama anakimbizwa. "Hanadi, nina nini mkononi?"

"Una kitu kibaya. Kizuri bado."

"Karani anafunga saa tisa kamili na hana huruma, nimesoma naye."

"Najua saa tisa ni lini, Suhayr."

"Basi tafuta, mpenzi, acha kugombana na mimi."

Nilikata. Nilimtazama Rabab mgongo wake, na hasira yangu ikahamia kwake, kwa sababu kitu fulani hakikuwa sawa. Kazi hii imenifundisha kwamba kumbukumbu ni shahidi mwongo anayeapa kwa nguvu. Mtu akikwambia gari lilikuwa jekundu, tafuta na la buluu. Lakini yeye hakusita hata mara moja. Mvua, nyeusi, kijani, kimya: kila nilipomuuliza upya alinipa maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi.

"Rabab. Rudi ukae. Yule mwenye kamera ni nani?"

"Sijui. Mpiga picha."

"Siku zile mtu akionekana na kamera barabarani anapigwa risasi. Watu walipiga kwa simu, wamezificha mfukoni. Wewe unasema mpiga picha, na kamera. Kamera gani?"

"Kubwa. Ya begani."

"Ya begani!" Ghiyath akasema kutoka kwenye betri zake. "Nani alikuwa na kichwa kigumu namna hiyo?"

Rabab alikuwa anazungusha pete ambayo haikuwapo kwenye kidole chake. "Alikuwa ameshalipwa," akasema. "Alisema amekula pesa yetu na hawezi kuirudisha, kwa hiyo atakuja."

"Amelipwa kwa kazi gani?"

Akaendelea kuizungusha.

"Dada, saa inakwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Amelipwa kwa kazi gani?"

"Ya harusi. Ilikuwa iwe Alhamisi."

"Harusi ya nani?"

"Ya Yazan," akasema. Kisha, baada ya kuvuta pumzi, "Yangu."

Asubuhi nzima alikuwa amemwita rafiki wa kaka yake. Sikumlaumu. Mimi niliyemsikia nilikuwa na la kujilaumu kubwa zaidi. Kijana wa kwetu akifa hajaoa, tunamzika vipi? Nimezaliwa mji huu. Nimesimama mwenyewe kwenye roshani ya shangazi nikirusha mchele juu ya jeneza la binamu yangu. Tunampamba kwa maua. Tunampigia vigelegele hadi koo zinakauka, maana ile ndiyo harusi yake, hatapata nyingine. Kila mtoto wa Homs anajua hivyo, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimekamata fungu zima la harusi nikalibonyeza hapana, halafu nikakaa saa nyingi nikiyatafuta mazishi ya bwana harusi.

"Ghiyath!" nikapiga kelele. "Nimemfagia! Nimemfagia pamoja na harusi!"

Alielewa mara moja. Uso wake ulibadilika. "Usianze upya yote, betri hazitabeba. Rudisha harusi peke yake."

"Na umeme?"

"Nashuka kwa jirani wa viatu. Nitavuta waya wake hata kama ni kwa kumkaba." Akatoka mbio, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Nikafuta zote: mvua, nyeusi, kijani, kimya. Rabab akashtuka kama nimemvua nguo. "Kwa nini unafuta? Nilikuwapo mimi! Hakukuwa na kigelegele hata kimoja!"

"Huenda. Tutaona."

Nikazirudisha harusi. Zikamwagika kwenye kioo, nyeupe na dhahabu, kumbi na mitaa, mabibi harusi wasiohesabika wakicheka. Baada ya majeneza yale, macho yaliniuma. Nikaandika: wanaume barabarani, mabegani wamebeba, roshani, mchele. Nikaletewa mabwana harusi. Mji mzima wa mabwana harusi, wamekalishwa juu ya mabega ya marafiki, mikono hewani, kola zimelegea.

"Wote wamekaa," nikasema. "Wa kwetu amelala. Nisaidie. Aliyekaa, hapana."

Nikamsogezea kipanya. Hatufanyi hivyo kamwe, mgeni hagusi mashine, lakini macho yangu yalikuwa yamechoka na yake yalikuwa yanawaka. Akaanza.

"Amekaa. Hapana. Amekaa. Hapana. Huyu amekaa, amelewa. Hapana."

"Endelea."

"Amekaa. Hapana."

Kioo kilikuwa kinajipanga upya kila alipobonyeza. Polepole vichwa vilivyoinuka vikapungua. Zikaja meza za keki zinazobebwa, makochi ya bibi harusi yanayopandishwa ngazi, kabati, godoro. Vitu virefu, vilivyolala, juu ya mabega. Kwenye pembe ya kioo alama ya betri ikawa nyekundu. Niliisikia sauti ya Ghiyath chini akibishana na mwenye duka, na sauti ya mwenye duka ikimwita mwizi.

"Hapana," Rabab akasema. "Godoro. Hapana. Kabati. Hap..."

Mkono ukasimama.

Safu ya mwisho kabisa, picha ndogo kama ukucha. Maua meupe tele, na chini yake ubao mrefu, na mabega ya wanaume. Nilimnyang'anya kipanya nikaifungua.

Hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa kali. Juu kwenye kona kulikuwa na pete mbili zilizoshikana, nembo ya yule mpiga picha, na chini yake tarehe na saa, kama wapiga picha wa harusi wanavyopenda. Jumatano ile. Dakika chache baada ya alasiri. Wanaume hawakuvaa nyeusi. Walivaa suti mpya, za buluu na za kijivu hafifu, zilizoshonwa kwa ajili ya Alhamisi, na walikuwa wamebeba jeneza lililofunikwa maua hadi shuka haionekani. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama chini ya uzito. Nilitafuta mbele kulia. Niliona nywele tu, na shingo. Nywele hazimtoi mtu gerezani.

"Inua kichwa," nikanong'ona. "Inua kichwa, mwana wa watu."

Nikaongeza sauti. Vilikuwapo vigelegele, vya wanawake wengi, toka pande zote. Kisha kimoja kikapanda juu ya vyote, kirefu, chembamba, hakikatiki. Mpiga picha naye alikisikia. Kamera ikainuka ghorofa kwa ghorofa hadi ya tatu. Mwanamke mwenye gauni la harusi, shela na yote, alikuwa ameegemea ukingo wa roshani kiuno kizima kikiwa nje, anarusha mchele na lozi za sukari kwa mikono miwili, mdomo wazi.

"Nani huyo?" Rabab akauliza.

Alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Nani huyo aliyevaa gauni langu?"

Kamera ikateremka. Chini, wanaume walikuwa bado wameinama, isipokuwa mmoja. Mbele, kulia. Alikuwa amekigeuza kichwa chake chote juu, jeneza likimwelemea sikioni, jua limempiga usoni, na anapiga kelele ambayo haikusikika ndani ya kile kigelegele. Hata kovu la kidevuni lilionekana. Nililijua kutoka kwenye picha yake ambayo Rabab alikuwa ameniletea asubuhi.

"Mudar," Rabab akasema, na akakaa sakafuni.

Taa zikawaka. Chini Ghiyath alikuwa ameshinda. Sikupata hata muda wa kushukuru. Nilizituma kwa Suhayr zote mbili, ya kizuizi na ya harusi, na muhuri unaothibitisha kwamba faili ni halisi, nikakaa nikitazama mstari wa kutuma ukitambaa. Ulipofika mwisho simu ikalia.

"Imefika," Suhayr akasema, anahema, nadhani alikuwa kwenye ngazi za mahakama. "Zimefika zote. Hanadi, huyu mwanamke wa roshani ni nani? Karani ananiuliza, lazima niandike."

Nilimgeukia Rabab. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, na koti lake jeusi limemzunguka. Nilimkabidhi simu.

"Andika bibi harusi," akasema.

Alhamisi nilikwenda naye mahakamani, ingawa si kazi yangu na nilikuwa nimejiapiza kutokwenda. Nilisema moyoni nakwenda kuangalia kama wameionyesha bila kuikata. Ukumbi ulikuwa baridi. Mudar aliletwa, amekonda, suruali imekazwa kwa kamba, na alipomwona dada yake aliinua kidevu kidogo, basi.

Walionyesha ya kizuizi kwanza. Mwendesha mashtaka alieleza mabega na koti, na nyuma yetu mwanamke mmoja, mama wa mmoja wa abiria, akaanza kulia polepole. Kisha wakaonyesha ile ya pili, na kigelegele kikajaa ukumbi, na watu wakatazamana bila kujua waweke wapi macho yao. Hakimu akaamuru isimamishwe kwenye uso. Akamtazama Mudar, akakitazama kioo, akamtazama tena. Alisoma tarehe na saa kwa sauti. Alimuuliza mwendesha mashtaka kama mtu anaweza kuwa pande mbili za mji kwa wakati mmoja, na mwendesha mashtaka akaanza kukusanya karatasi zake.

Uamuzi haukuwa mrefu. Aliposema neno "aachiliwe" Rabab aliushika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Mama yule wa nyuma alitoka nje. Nilitaka kumfuata na sikuwa na la kumwambia. Mtu wa koti la kijivu pale kwenye kizuizi alikuwa bado hajageuka, na hakuna aliyemjua.

Watu walianza kusimama. Hakimu alivua miwani, na akauliza jambo ambalo nadhani halikuwa la kimahakama tena.

"Wenzako wote wameinama. Jeneza zito, njia mbaya. Wewe kwa nini ulitazama juu?"

Mudar aliikaza kamba ya suruali yake. Hakumtazama dada yake.

"Nilidhani anajirusha, mheshimiwa," akasema. "Nilikuwa namwambia arudi ndani."

Rabab alinishika mkono, kwa nguvu hadi pete yangu ikanikata. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, kwenye kile kioo ambako kaka yake alikuwa bado anamtazama na jua machoni.

"Alijuaje?" akaninong'oneza. "Hanadi, alijuaje?"